Dalali wa Tafo na blogu iliyogawa nyumba ya watu

Saa moja kasorobo asubuhi, Adwoa Birago amechuchumaa mbele ya bomba katika ua wa nyumba moja ya wapangaji huko Tafo, mtaa wa jiji la Kumasi. Mkono mmoja umefungua koki, mwingine umeshika simu. Maji yanakohoa, yanatema kutu, kisha yanatulia. Anahesabu kimyakimya mpaka ndoo inajaa.

"Dakika nne na nusu," anasema, akiandika kwenye daftari lake. "Presha siyo mbaya. Choo nishakiona, hakina mlango. Hiyo nayo naiandika. Wakinichukia wanichukie."

Mpangaji mmoja anayekaanga bajia za kunde kando ya geti anacheka. "Maa Birago, siku hizi unakagua nyumba kama unataka kuioa!"

"Ningeioa, dada. Tatizo choo hakina mlango."

Birago ana miaka 54, na udalali wa nyumba ameufanya kwa miaka 23, wote kwa miguu na mdomo. Kabla ya hapo aliuza mabeseni sokoni Kejetia. Zamani alipangisha vyumba sita au saba kwa mwezi. Mwaka jana kuna miezi alipangisha viwili, na Novemba hakupata hata kimoja, kwa sababu wateja siku hizi wanatafuta nyumba kwenye simu wakiwa wamejilaza kitandani.

Mwezi Mei, kampuni ya Dwumfour na Wanawe, inayomalizia jengo la nyumba 28 huko Pankrono, iliwaita madalali wa eneo hilo. Ikawaambia kwamba atakayekuwa na blogu yenye wasomaji wengi zaidi kufikia mwisho wa Agosti ndiye atakayepangisha jengo lote. Walijiandikisha kumi na sita. Wa mwisho kuandika jina alikuwa Birago.

"Niliogopa, nisikudanganye," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Kuongea siogopi. Nipeleke mbele ya chifu, nitaongea mpaka aombe maji. Lakini kuandika? Shule niliacha nina miaka kumi na mitatu. Nikiona kile kisanduku cheupe kwenye simu, jasho linanitoka kama nimeshikwa na polisi."

Owuraku Ntim, dalali kijana wa miaka 28 ambaye sasa ndiye wa kwanza katika shindano hilo, hakumsaidia kutuliza moyo. Walipokutana kwa muuza uji alimtania mbele ya watu.

"Mama, hii siyo ya kupiga domo. Hii inataka vidole."

"Ninavyo kumi, Ntim. Kwani wewe ulizaliwa na kumi na viwili?"

Watu walicheka, lakini mchana huohuo Birago alikwenda kwa mzee Dapaah, aliyekuwa akiwapigia watu taipu barua nje ya mahakama na sasa ana chumba chenye kompyuta tatu kuukuu. Akamwomba amfundishe.

Alianza vibaya. Aliokota maneno kwenye blogu za wenzake na kuyabandika yalivyo: makazi tulivu ya kifahari yenye mandhari ya kuvutia. Alipata wasomaji kumi na mmoja, na anakiri kwamba watano kati yao walikuwa yeye mwenyewe.

"We Birago," Dapaah alimuuliza, "hii nyumba yenye mandhari iko wapi? Mimi Tafo nimezaliwa, mandhari sijawahi kuyaona. Hebu andika kama unavyomwambia mteja mkiwa mlangoni."

Akatii, na hapo ndipo alipoungua.

Mwezi Juni aliandika habari za nyumba moja ya vyumba tisa. Akaeleza siku za maji, jirani mwenye jogoo na bati linalovuja. Sentensi ya kwanza ilisema: "Hii ni nyumba ya watoto wa marehemu Opanin Kyeretwie." Kwa siku mbili ilisomwa na watu 1,300.

"Nilicheza jikoni peke yangu," anasema. "Nikapiga na vigelegele."

Siku ya tatu aliitwa na Opanin, yaani Mzee, Gyimah, mkuu wa ukoo wa marehemu. Kwa Waashanti ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo watoto wa mwanamume si wa ukoo wake. Kyeretwie hakuacha wosia, na kwa miaka minne ukoo na watoto wamekuwa wakivutana mahakamani juu ya nyumba hiyo. Tafo nzima huiita nyumba ya watoto, kwa kuwa watoto ndio wanaokaa humo. Kwa mdomo, hakuna aliyejali. Lakini watoto walikuwa wamechapisha maandishi ya Birago kwenye karatasi na kumpelekea wakili wao, eti hata dalali wa miaka yote anajua nyumba ni yao.

Mzee Gyimah alikuwa na nakala mkononi.

"Birago mwanangu, ukoo wangu umekukosea nini? Sisi tunapanda ngazi za mahakama miaka minne, wewe umemaliza kesi kwa simu?"

"Baba, yale ni maneno ya watu wote."

"Ya watu wote yako hewani. Haya yana jina lako chini."

Alitozwa chupa mbili za schnapps, pombe kali ya kuombea radhi kwa wazee, na kuamriwa arekebishe alichoandika. Jioni habari zilikuwa zimeshafika kwa muuza uji, na Ntim hakuiacha nafasi impite. "Jamani, mwenye kesi ya urithi aende kwa Mama. Anagawa bure!"

Birago hakushika simu kwa siku nne. Anasema alilia, na kilichomliza si schnapps. Aliona aibu, mtu mzima aliyejitia kwenye mambo ya vijana akaishia kuwatonesha watu kidonda.

"Siku ya tano nikakasirika," anasema, akiinua kidevu. "Nikajiambia, miaka ishirini na tatu yote hii, nishindwe na sentensi moja?"

Alipeleka chupa, akaomba radhi, kisha akaenda kukaa mbele ya kompyuta ya Dapaah. Sentensi yake hakuifuta. Aliandika chini yake: "Hapa nilikosea. Wanaokaa ni watoto, wanaodai ni ukoo, na mahakama haijasema. Mimi ni dalali, si hakimu. Usilipe hapa ile kodi ya miaka miwili ya kutangulia mpaka kesi iishe."

Maneno hayo yalimkosesha udalali wa vyumba vitatu ndani ya nyumba hiyohiyo, karibu sedi elfu mbili. Binti mkubwa wa marehemu alimfuata mpaka nyumbani.

"Shangazi, Jumanne ulitupa nyumba, leo umetunyang'anya."

"Simlaumu," anasema Birago. "Ana haki ya kuninunia. Bado inaniuma nikimwona njiani."

Masahihisho hayo yalisomwa na watu zaidi ya elfu sita. Watu wa Kumasi walioko Bremen na Verona walianza kumwandikia wakitaka awakagulie nyumba wanazotaka kuwapangia ndugu zao. Tangu hapo haweki nyumba kwenye blogu kabla hajapata majibu ya maswali mawili, pamoja na jina la aliyejibu: nani anampa mpangaji ufunguo, na nani anaweza kuja kumnyang'anya?

Kufikia wiki hii yeye ni wa tatu kati ya kumi na sita. Zimebaki siku kumi na tisa. Ntim bado ni wa kwanza, ila naye ameanza kuwauliza wenye nyumba maswali hayohayo.

"Simuigi," anajitetea. "Wateja wangu ndio wananisumbua."

Sasa wasomaji wamemgeukia Birago na swali ambalo hakulitarajia: je, lile jengo la Dwumfour lenyewe? Ardhi yake ni ya nani? Birago aliiandikia kampuni barua, kwa mkono wake, akauliza yaleyale mawili. Siku sita zimepita na hajajibiwa. Mzee Dapaah anamsihi awe na subira.

"Kwanza washinde wenzako kwa utaratibu, Birago. Kampuni ikishakutangaza mshindi, ndipo uiulize. Sasa hivi unamchokoza anayekupa zawadi."

"Nikishachukua funguo zao nitauliza kwa mdomo gani, mzee?"

Ameshaandika makala yenyewe. Maswali yapo, tarehe ya barua ipo, na mahali pa jibu pameachwa wazi. Siku ya kuchapisha ni Alhamisi, wajibu au wasijibu.

Na wakimwondoa kwenye shindano? Birago anafunga koki, kisha anamwaga maji ya ndoo kwenye mfereji.

"Nitakuwa dalali aliyeshindwa, mwanangu, na nitaendelea kuandika. Lakini hakuna mpangaji atakayesimama mlangoni kwangu, godoro kichwani na watoto nyuma yake, akaniuliza mbona nilijua nikanyamaza."