Saini ya Mdhamini

Fundi cherehani alitaka kadi ya mkopo kwa sababu moja tu: mashine ya kudarizi aliyoitamani iliuzwa mtandaoni, na muuzaji hakupokea malipo ya namna nyingine. Ombi lake la kwanza lilipokataliwa, karani wa benki alimweleza la kufanya, naye akalifanya kwa miaka miwili. Kila Jumatatu alipeleka benki mapato ya wiki, hata yakiwa kiduchu. Alichukua mkopo mdogo asiouhitaji, ili tu benki imwone mlipaji mzuri, akaulipa kabla ya siku yake. Umeme, maji, kodi ya kibanda, vyote alilipa kwa wakati, huku akijibana mpaka viatu vikatoboka.

Siku ya jibu la ombi la pili alivaa gauni jipya alilojishonea.

"Mama, wewe mwenyewe uko safi kabisa," karani alisema, macho kwenye kompyuta. "Shida ni yule uliyemdhamini akopee pikipiki. Mwaka mzima sasa hajalipa."

Huyo alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea yeye mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Alimpigia simu pale pale mlangoni.

"Dada, niliogopa kukwambia. Pikipiki niliiuza zamani."

Alikata simu. Alirudi kibandani, akaketi kwenye benchi la wateja. Mwanamke mmoja alipokuja kuagiza gauni la harusi lenye nakshi, alimwambia akatafute fundi mwingine.

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi," akajibu, akaanza kufunga kibanda saa nane mchana.