Jina Kwenye Kadi ya Boti

Kwa miaka kumi na moja alikata tiketi gatini kwenye boti za watu wengine, mpaka jina lake likasahaulika na wavukaji wote wakawa wanamwita Mama Tiketi. Alijua boti ipi inavuja, injini ipi inakohoa asubuhi, na abiria gani hujifanya amelala ili asiulizwe nauli. Ndiyo maana Mzee Kimya, ambaye kwake maneno matatu yalikuwa hotuba, alipochoka kuvusha watu hakutafuta mnunuzi mwingine. Waliandikiana hati ya mauziano mbele ya mashahidi wawili, na kesho yake wakaongozana hadi ofisi ya usajili wa vyombo kubadilisha umiliki.

Karani alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi likapigika. Alipokea kadi ya zamani, hati ya mauziano na ripoti ya mkaguzi, kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu.

"Mume wako anaitwa nani, mama?"

Akamtajia, akidhani wanataka jina la ndugu wa kupigiwa simu ajali ikitokea. Akatia sahihi penye mnunuzi, Mzee Kimya akatia penye muuzaji, wakaambiwa kadi itatoka baada ya wiki tatu.

Siku ya kuichukua yeye alikuwa na injini imefunguliwa vipande vipande, kwa hiyo ofisini alipita mume wake, fundi wa redio. Jioni akaiweka kadi mezani. Mama Tiketi alifuta mikono, akasoma. Namba ilikuwa sawa. Urefu, rangi, idadi ya abiria, vyote sawa. Penye mmiliki palikuwa na jina la mume wake.

"Umeliona hili?"

"Nimeliona," alijibu mume. "Wamekosea tu kuandika. Kwani boti si ya nyumba hii?"

Shemeji yake, aliyekuja kuazima ngazi, akadakia. "Usijitafutie presha, shemeji. Mume na mke ni kitu kimoja."

"Kama ni kitu kimoja, mbona hawakuandika langu?"

Aliona tabasamu dogo kwenye uso wa mume wake, na hilo ndilo lililompandisha mori. Baadaye jirani aliponyokwa na neno: kabla ya kufika nyumbani, bwana alikuwa ameionyesha kadi ile kwenye kibanda chake cha redio, wenzake wakamwita nahodha, naye akaitika. Mtu ambaye hata kwenye bembea huona kizunguzungu.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa karani.

"Mama, sisi huwa tunaandika mkuu wa kaya."

"Kwenye fomu ni wapi pameandikwa mkuu wa kaya?"

Karani aliigeuza fomu, akaigeuza tena. "Si tatizo. Mlete mume wako ajaze fomu ya kuhamisha umiliki. Yeye awe muuzaji, wewe mnunuzi. Na boti ikaguliwe upya."

"Ninunue boti yangu kwa mume wangu."

"Ni kwenye karatasi tu."

"Na kwenye karatasi ndiko nilikoporwa," alisema Mama Tiketi, akaenda kukaa kwenye benchi. Alikaa mpaka ofisi ikafungwa. Siku ya pili akarudi kukaa. Watu walimpita na kumshauri kwa huruma akubali yaishe, na kila ushauri ulimwongezea hasira, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemwambia karani akubali yaishe.

Nyumbani alimwambia mume wake kwa sauti ya chini, "Sitaki uniuzie chochote. Nataka uende ukaseme hukununua."

Kulipokucha mume akavaa viatu.

Siku hiyo ya tatu waliingia watatu, Mzee Kimya akiwa mbele, na kelele za karani zikamtoa mkuu wa ofisi chumbani mwake.

"Mzee, boti ulimuuzia nani?" aliuliza mkuu.

"Huyu mama," alisema Mzee Kimya. "Huyu bwana ameipanda leo kwa mara ya kwanza. Ametapika."

Benchi zima lilicheka. Mume aliinamisha kichwa, lakini akasema kwa sauti ya kusikika, "Ni kweli. Sikununua mimi."

Mkuu aliomba faili. Sahihi ya mnunuzi ilikuwa pale pale, ya Mama Tiketi, na jina lake juu yake kwa herufi kubwa. Hakukuwa na haja ya kuuziana wala ya kukagua upya; ofisi ndiyo iliyokosea, na ofisi ingesahihisha. Kadi mpya ilipigwa muhuri kabla ya saa sita.

"Ungetueleza vizuri mapema, mama," alisema karani akimkabidhi.

"Nilieleza kwa sahihi. Hukuisoma."

Hakuombwa radhi. Mume aliomba njiani, akakiri alipenda kuitwa nahodha. Alimsikiliza, ila siku hiyo hakuwa na maneno matamu ya kumpa.

Wiki iliyofuata aliwaomba wanawake wengine wenye boti pale gatini waziangalie kadi zao vizuri. Mmoja akakuta jina la kaka yake. Wawili wakakuta ya waume zao, na mmoja wa hao ni mjane. Jumatatu akawapeleka. Karani alipowaona wanne wanaingia mlangoni, aliinuka na kuanza kutafuta mafaili kabla hajaulizwa.