Mshenga Aliyenukia Petroli

Bora niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Festo, maana Festo akiisimulia huwa anaongeza chumvi, na mkasa wenyewe ulishakuwa na chumvi ya kutosha. Mimi ndiye yule mshenga aliyefika Rågsved, kusini mwa Stockholm, amechelewa karibu saa nzima, mikono myeusi, tai imerukia mgongoni, huku balkoni nzima ya wakwe ikimtazama. Miaka imepita lakini hadi leo nikishuka kwenye kituo kile cha treni natembea nikiangalia viatu vyangu.

Ilikuwa hivi. Festo ni rafiki yangu, tulikuwa tukiendesha mabasi pamoja, na alikuwa amempenda Neema, binti wa Mzee Mwaipopo. Sasa Mzee Mwaipopo ni mtu wa Tukuyu aliyekaa Sweden miaka thelathini, na kwa habari ya saa amewapita Waswidi wenyewe, yaani ukialikwa kwake saa nane ukafika saa nane na dakika kumi unakuta vikombe vinaoshwa. Jumapili alikuwa anapanda ndege kwenda nyumbani kwa miezi sita, na alishasema wazi kwamba barua ya posa imfikie Jumamosi saa nane mchana au isubiri mpaka arudi. Na huko Tukuyu kulikuwa na kijana fulani, mtoto wa rafiki yake, ambaye Mzee alikuwa akimtaja mezani mara nyingi kuliko inavyofaa. Festo alikonda wiki ile. Akanichagua mimi niwe mshenga kwa sababu nina mke, nina suti, na mdomo sikunyimwa.

Mke wangu, Mama Upendo, alinipa ushauri wa bure asubuhi ile tukiwa bado kwenye chai. Alisema panda treni hapa Akalla, badilisha mjini, shuka Rågsved, umefika. Lakini mimi nilikuwa nimenunua pikipiki ya mwaka sitini na mbili, silinda moja, tangi jekundu, nimeitengeneza majira yote ya baridi kwenye gereji tunayochangia na mzee mmoja jirani anaitwa Göran, na moyoni nilishajiona naingia uani kwa wakwe nikiunguruma kama mtu wa maana. (Mshenga anashuka kwenye treni kama anakwenda zamu? Ndivyo nilivyomjibu.)

Kilichokuwa kimebaki ni jeti tu. Kwa asiyejua, jeti ni kijiskrubu cha shaba ndani ya kabureta, kidogo kama punje ya mahindi, kina tundu katikati, na petroli yote inayokwenda kwenye injini unapofungua mafuta inapita katika tundu lile. Namba ikiwa kubwa, tundu ni kubwa. Kitabu cha pikipiki kilisema mia na sitini, na ndiyo iliyokuwemo. Lakini mimi nimekulia kwenye karakana ya baba mdogo kule Njombe, na baba mdogo kila pikipiki iliyoingia, kitu cha kwanza alikuwa anatoa jeti ya kitabu na kuweka ndogo zaidi, huku akisema kitabu kinakunywa mafuta kupita kiasi. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Niliona pikipiki zikitoka pale zinakwenda vizuri, basi nikajua hiyo ndiyo siri ya ufundi.

Kwa hiyo Jumamosi ile saa sita na nusu, tayari nimevaa suti (naam, suti, msinicheke bado), nikafungua kabureta, nikaitoa mia na sitini na kuweka mia na thelathini. Ile ya zamani, kwa kuwa sikutaka ipotee na mfuko wa koti langu ulikuwa umetoboka, nikaitia mahali salama kabisa. Mkumbuke hapo.

Göran alikuwa pembeni anapangusa pikipiki yake. Akatazama, akaniambia kwa upole kwamba hapa angeacha namba ya kitabu, na kama ni lazima kubadilisha basi angepanda, siyo kushuka, kwa sababu ya hewa ya hapa. Nikamweleza kuhusu baba mdogo. Nikawasha. Ikaunguruma taratibu, tamu, bila kukohoa, na nikamtazama Göran kwa jicho la ushindi. Akasema ikiwa imesimama haisemi ukweli, mpaka uifungulie mafuta barabarani. Nikamwambia mafundi wa Njombe hatuna haja ya kubahatisha. Naye akasema tu, "Jaha," ambalo ni neno la Mswidi anayekuachia njia ukajionee mwenyewe.

Nilitoka saa saba kamili. Mpaka Kista, mtaa wa jirani, nilikuwa mfalme. Nikaingia barabara kubwa, nikafungua mafuta, na pikipiki ikapiga chafya. Siyo kukohoa, ni chafya, mlipuko mdogo kutoka kwenye mdomo wa kabureta moja kwa moja kwenye goti la suruali yangu. Nikapunguza, ikatulia. Nikafungua tena, ikapiga nyingine kubwa zaidi na kukosa nguvu kabisa, na lori likanipigia honi mpaka nikatoka kwa njia ya kwanza niliyoiona. Kuanzia hapo nikawa mtu wa vichochoro. Nikagundua kwamba nikivuta nusu ile choki ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, na kwenda mwendo wa bibi harusi, injini inavumilia, basi nikaivuka Stockholm nzima hivyo, nikipitwa na baiskeli, na kwenye daraja moja nikapitwa na mama mzima anayesukuma gari la mtoto, ambaye aligeuka kuniuliza kama nahitaji msaada.

Baada ya daraja nikaegesha kwenye kituo cha basi nirudishe jeti ya kitabu. Nikafungua kabureta kwa kisu kidogo, petroli ikanimwagikia mikono yote miwili, nikaanza kuitafuta ile mia na sitini. Mifuko ya suruali hamna. Mfuko wa kifuani hamna. Mfuko wa ndani kuna barua ya posa tu, nikaisogeza kwa ncha za vidole nisiichafue, nikapapasa chini yake, hamna. Nikaapa kwamba nimeiacha gereji, nikafunga kabureta, nikaendelea na njaa ile ile ya mafuta. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa kweli, kwa sababu saa yangu ilisema saa nane na dakika tano, na nikaiona sura ya Festo.

Saa tisa kasoro dakika kumi nikawa chini ya kilima cha Rågsved. Balkoni ya Mzee ilikuwa imejaa, yeye, mkewe, mashangazi wawili na Neema nyuma yao. Mtu mwenye akili angezima na kupanda kwa miguu. Mimi nikasema angalau niingie vizuri, nikafungua mafuta yote. Ikapiga mlipuko uliofanya madirisha ya jengo zima yafunguke, ikanitupia moshi usoni, ikazima. Nikaisukuma kilima chote huku majirani wakinihesabia hatua.

Ndani nikampa Mzee shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama saa ya ukutani. Nikaanza ile hotuba niliyoikariri, kwamba tumeona ua zuri nyumbani kwake, na sebule yote ikawa inanuka kituo cha mafuta. Nikakabidhi barua. Mzee akavaa miwani, akaipindua bahasha, na kabla karatasi haijatoka, kitu kidogo cha njano kikadondoka kwenye sahani ya maandazi, kikalia ting.

Mahali salama kabisa.

Nikatamani sakafu inimeze. Na kumbe balaa ilikuwa bado, kwa sababu jeti ilikuwa imelowa petroli ya zamani, na petroli ilikuwa imekula wino wa Festo, na pale chini penye jina la mwombaji palibaki doa la bluu. Mzee akasoma mpaka hapo. Akampa mkewe. Mama Mwaipopo, ambaye anaimba kwaya na mke wangu, akasoma, akaniangalia, akauliza taratibu, "Mama Upendo anajua?"

Nilieleza kwamba anayeposa siyo mimi. Nilieleza kila kitu kwa pumzi moja, Festo, choki, baba mdogo, mia na thelathini, na nilikuwa karibu kulia, kwa sababu niliona nimempotezea rafiki yangu mchumba kwa ajili ya kujionyesha tu. Mzee akaokota jeti, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Njombe ni juu kule," akasema. "Hewa nyepesi inataka petroli kidogo, ndiyo maana baba yako mdogo alipunguza. Hapa bahari iko mlangoni, na baridi hii hewa ni nzito. Wewe ulikuja lini?"

"Tisini na nane, mzee."

"Na bado hujashuka mlimani."

Mashangazi wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Mzee akasema anamjua Festo na hamkatai, ila barua isiyo na jina hapokei, na ataikubali mpya mpaka saa moja jioni, iletwe kwa treni. Nilipoomba jeti yangu, Neema akaiwahi mkononi mwa baba yake. Akasema kishika uchumba hakirudi na mshenga.

Nilipanda treni mpaka Akalla, Festo akaandika barua upya, nikarudi, njia yote peke yangu kwenye viti vinne, maana harufu ilinihifadhia nafasi, na saa moja kasoro robo barua yenye jina ikapokelewa. Harusi ilikuwa Septemba. Neema alivaa ile mia na sitini shingoni kwenye mkufu.

Pikipiki nayo, baada ya kurudishwa kwa gari la mizigo, ilisimama gereji majira yote ya joto, jua la Stockholm likaja likaondoka, kwa sababu ningeweza kumwomba Göran jeti siku yoyote, na kila siku niliona aibu. Wiki moja baada ya harusi ndipo nilipomwendea. Hakuuliza kitu. Akafungua droo, akatoa mia na sitini ambayo alikuwa ameshaifunga kwenye karatasi na kuiandika jina langu. Tangu siku ile nimekuwa mshenga mara mbili nyingine, na zote nimekwenda kwa treni.