Bundi wa Gogo la Muhugu

Mniwie radhi mapema, kisa hiki nitakiharibu. Jukwaani mimi huchekesha, ila hiki kinanitia hasira, na mwenye hasira hana subira ya kungoja watu wacheke.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya tisini, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, bundi alikuwa na hukumu yake. Akilia juu ya paa kaja kuita maiti, basi bibi hutia chumvi motoni na kumtukania mama yake mpaka aruke. Matusi yaleyale nikiyatamka mimi napakwa pilipili. Kwake yeye yalikuwa dawa.

Ami Saidi, mdogo wake baba, alikuwa akileta magogo ya muhugu kwa lori, kutoka msitu wa huko Kilifi hadi kwa wachonga vinyago. Asubuhi moja wachongaji wakakuta tundu kwenye gogo, na tunduni bundi kama ngumi, masikio wima. Ami akamleta nyumbani ndani ya kofia. Alisema wa aina ile wako msitu ule na mahali pengine pachache tu, nao wanakwisha.

Nikataka jambo moja: arudishwe kwao yu hai. Lori lilikuwa likirudi baada ya adhuhuri, na bibi keshakoka moto.

Nikamwambia mbona huyu halii.

"Angoja nilale," akasema.

Hata homa ya jirani, ya tangu juma lililopita, ikabandikwa bundi aliyefika leo. Nikabisha; nikaambiwa nina mdomo. Mwisho Ami akamsihi mamake amwache amrudishe alikomtoa. Bibi akakubali, akatutilia chumvi mpaka kwenye viti vya lori.

Tulifika jua lingali juu. Pale Ami alipopakia hapakuwa na muhugu uliosimama, ni vishina vitupu. Akazunguka, akarudi, akazunguka tena.

"Tumuweke wapi, Ami?"

Akachungulia ndani ya kofia. "Tundu lake tumeliacha Mombasa."

Tukamweka kichakani, tukaondoka. Sijui kama aliiona asubuhi.

Bibi alimwogopa ndege kwa maiti zetu. Kumbe ndege ndiye aliyestahili kutia chumvi motoni kila akisikia lori letu. Tangu hapo nimegombana na madereva, wachongaji, na wakubwa wa misitu. Nagombana nao hata hapa ninapoandika, na karatasi zisipeperushwe na feni nimezikandamiza kwa tembo wa muhugu. Nilimchagua mwenyewe dukani, nikauliza kama hawana mkubwa zaidi.