Ukuta wa Majivu wa Bi Mwatum

Marehemu kaka yetu Talib, Mola amrehemu, alikuwa mchora ramani za nyumba pale Wete. Hakuna mteja aliyepata mchoro kwake kabla Talib hajaenda nyumbani kwa huyo mteja kunywa naye chai, hata mteja awe na haraka vipi. Huketi, akatazama nani anaingilia wapi, viatu vinavuliwa wapi, nani anapenda pembe ipi. Karatasi hufuata baadaye.

Hamad, muuza duka wa Konde, alimjia na picha kwenye simu: nyumba ya vioo vitupu.

"Nataka hii hii, Injinia. Mama yuko peke yake Makangale, miguu inamuuma. Nataka ahamie kwangu, lakini kila nikimwambia, hataki."

"Yeye anataka nyumba gani?"

"Mama? Hataki nyumba yoyote!"

Talib akacheka. "Basi twende tukaione hiyo asiyotaka kuiacha."

Wakaenda Makangale. Bi Mwatum, mama yake Hamad, aliwapa chai barazani, kisha akarudi zake uani kuchambua karafuu na wenzake. Asubuhi nzima Talib alisikia vicheko vya wanawake nyuma ya nyumba. Akaelewa: ndani bibi huyu analala tu, maisha yake yako uani.

Basi akachora nyumba yenye ua mpana. Kabla ya kuchimba msingi akafanya kama ilivyokuwa kawaida yake: akaenda kiwanjani Konde na gunia la majivu, akayamwaga kufuata kuta zote za mchoro, akaita familia ije "ikae" ndani. Nadhira, mke wa Hamad, akatua birika katika jiko la majivu. Hamad akasimama kwenye mlango usiokuwapo, akapiga hodi kwa sauti, mkewe akamwambia, "Hatununui kitu leo!" Wakacheka mpaka machozi.

Bi Mwatum akafika na mkongojo wake, uso umekunjika.

"Mmenitoa Makangale nije kutazama jivu?"

"Nyumba hiyo, Bi. Karibu ndani."

Hakuufuata mlango. Alizunguka ubavuni, akakanyaga mstari, akaingia uani moja kwa moja.

"Bi Mwatum, umepita ukutani!"

"Huo ukuta ndio uliokaa njiani! Wenzangu watapita wapi? Sebuleni, mbele ya wanaume wa Hamad, na mapakacha ya karafuu kichwani? Hawatakuja hata mmoja. Nami nitakaa humu nizungumze na vioo?"

Talib akajishika kichwa. Yeye, mtazama milango! Kule Makangale alipokewa mbele kama mgeni mwanamume. Vicheko alivisikia, lakini hakujiuliza wenye kucheka waliingilia wapi.

"Nimekosa, Bi. Unisamehe."

Akachukua ufagio, akafuta majivu pale pale Bi alipokanyaga, pakawa mlango. Bi Mwatum akatoka, akaingia. Akatoka tena, akaingia, safari hii na jirani wawili waliokuwa wakichungulia njiani. Akaomba jamvi, akaketi, akanyoosha miguu.

Jua lilipopanda Hamad akamwambia, "Mama, twende, gari inangoja."

"Nenda wewe. Mimi niko kwangu."

Mwaka huu, siku ya hitma ya Talib, wanawake wa Konde walipika pilau katika ua huo. Sufuria zote zilitolewa kwa mlango ule wa ubavuni, na Bi Mwatum alisimama hapo akimwombea dua kila ilipopita moja.