Supu Isiyo na Chumvi

Usiku ule nililala na hasira, nimeikumbatia kama nilivyomkumbatia mwanangu Nasra. Jioni mume wangu alikuwa ameniambia, bila hata kunitazama, kwamba dada yake Mwajuma ametoka hospitali, presha imempanda, atakaa kwetu, na kesho nimpikie supu.

Mwajuma huyohuyo. Mama yao alipokuwa kitandani, bado anaongea vizuri tu, Mwajuma alikuwa ameshaanza kunisengenya kwa majirani, kwamba supu yangu inamdhuru. Msibani akasema kwa sauti, mbele ya wanawake wote: "Mama kauawa na supu ya huyu." Mume wangu alisikia. Akainamisha kichwa.

Supu yenyewe ilikuwa kuku wa kienyeji, tangawizi, kitunguu swaumu, limau. Chumvi hapana, daktari alikataza. Na bado presha ya mama mkwe haikushuka. Tulishangaa wote.

Nikasinzia. Nikamwona mama mkwe jikoni, amekaa kwenye kigoda changu, miguu ameinyoosha, haijavimba tena. Sufuria inachemka. Moto sikuuwasha mimi.

"Mama Nasra, hii supu au maji ya kunawa?"

Ndivyo alivyokuwa akinitania akiwa hai. Nikamjibu kama zamani, "Kunywa, mama. Daktari kasema."

Anacheka. Ananyanyua pindo la kanga yake ya zambarau, pale penye fundo. Siku zote nilidhani anafunga ugoro. Analifungua kwa meno, na chumvi inamwagika kwenye bakuli, haikomi, inajaa bakuli, inajaa sakafu, na sasa hatuko jikoni, tuko msibani, mkeka wote mweupe, na wanawake wanapita wanaonja sufuria yangu na kutema. Ninawaambia sikutia kitu. Hakuna anayegeuka.

"Nani alikuletea?" namuuliza.

Mwajuma anapita na mkoba wake, ule aliokuwa akija nao kila alipokuja kumjulia hali mama yake. Anainama, anamshika mkono, na kiganja cha mama mkwe kinafumba juu ya kitu. Basi. Nimeona.

"Nilimwomba mwenyewe," anasema mama mkwe. "Nilichoka kula visivyo na ladha."

"Na aliponisingizia? Ulimsikia, mama. Mdomo ulikuwa unao."

"Ni mwanangu."

"Na mimi?"

Analitazama bakuli. Namngoja. Yule mama nilimwogesha, nilimgeuza, nilimkata kucha, Nasra akiwa mgongoni. Neno moja lingenitosha. Analifunga fundo lake upya, anajipangusa magoti, anainuka.

"Mpikie kama ulivyonipikia mimi," anasema. "Na mkoba wake usiuamini."

Nikaamka. Nasra analia, gauni langu limelowa maziwa kifuani. Nilimnyonyesha gizani. Nilidhani mama mkwe amekuja kuniomba radhi. Kumbe kaja kunituma, tena kwa ajili ya yule yule. Amekufa, na bado mimi ni mtu wa kutumwa tu.

Nilikaa pale mpaka kukapambazuka, nikifikiria kumwambia mume wangu ampikie mwenyewe. Halafu nikainuka nikachinja kuku. Kuku, tangawizi, kitunguu swaumu, limau. Basi.

Mwajuma alikuwa ameshafika, amejilaza sebuleni, mkoba uko ubavuni. Mume wangu amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilipompa supu, Mwajuma akanywa kijiko kimoja, akakunja uso.

"Wifi, hii haina chumvi."

"Mama kasema nikupikie kama nilivyompikia yeye," nikamwambia. "Kasema na huo mkoba wako nisiuamini."

Kijiko kikabaki hewani. Mkono wake mwingine ukauvuta mkoba, ukauingiza chini ya shuka.

"Alikuambia lini?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

Nikamgeukia mume wangu. "Umesikia anachouliza dada yako?"

Alikuwa amesikia. Akakitua kikombe chini, na safari hii hakuinamisha kichwa. Alikuwa anaitazama ile shuka.

Nikavuta kigoda changu, nikakaa karibu na Mwajuma, nikamsogezea bakuli.

"Kunywa, wifi. Inapoa."