Kompyuta ya marehemu baba mkubwa: mafundi waliikatia tamaa, mimi nimeiwasha

Wakuu, habari za mchana. Ninayoandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu, sijaongeza neno.

"Wewe na diploma yako, hii huiwashi. Tumpe mtu wa vyuma chakavu."

Hayo ni maneno ya kaka yangu Shabani, mbele ya mama yake, mama yangu mkubwa.

Diploma ya elektroniki nimejisomesha kwa kazi za Muscat, nikarudi Bagamoyo nikafungua karakana. Hakuna aliyenishika mkono. Neno lile liliniuma.

Mashine yenyewe ni Pentium 3, monita ya kichogo. Ndani yake marehemu baba mkubwa alijirekodi akisoma maulidi, na nakala nyingine hakuna.

Najua mtasema chomoa hard disk. Ni ya zamani, adapta yake sikuwa nayo, na Shabani alishamwita mnunuzi aje baada ya swala ya Ijumaa. Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Nikawasha. Feni inazunguka, kioo cheusi, halafu mlio mrefu unaojirudia.

Power supply nikaipima, iko sawa. Mlio ule mara nyingi ni RAM, nikaichomoa na kuisugua meno yake kwa ufutio wa penseli.

Nikairudisha. Bado inalia.

Shabani akacheka. "Fundi, umebakiza kuisomea dua!"

Nikamulika slot ya RAM kwa tochi. Masizi meusi, yananata kama lami. Nikainamia kunusa.

Wakuu, motherboard inanukia udi!

"Mama, hii mashine unaifukiza?"

"Kila Alhamisi, mwanangu. Nifukize nyumba nzima, nikiache kitu cha mwenzangu? Nilikuwa naiwasha, naweka chetezo hapo mbele, moshi inauvuta yenyewe."

Darasani hilo hawafundishi. Moshi wa udi ukikutana na hewa ya bahari unaganda, na RAM haigusani tena na slot.

Nikasafisha kwa spiriti ya duka la dawa na mswaki laini. Nikaacha ikauke vizuri, nikarudisha RAM.

Mlio mmoja mfupi. Ikalalamikia saa, maana betri yake ndogo imekufa. Nikabonyeza F1, ikaendelea.

Mnunuzi anapiga hodi, mimi natafuta faili.

Kwanza baba mkubwa akakohoa. Kisha, kwa ukali wake uleule: "Hebu nyamazeni huko jikoni!"

Mama mkubwa akaisogelea spika. "Tumenyamaza, bwana."

Maulidi yakaanza. Shabani akatoka taratibu kumrudisha mnunuzi.

Nakala nimeshaweka kwenye flash, tena mbili.

Nilichojifunza: kabla hujaihukumu mashine, muulize mwenye nyumba anaishi nayo vipi. Mafundi waliomwambia mama mkubwa aitupe hawakumuuliza. Mimi niliuliza, ndiyo maana mimi ni mimi.

Haya, mafundi wa pwani, ninyi mmekuta nini ndani ya CPU za watu? Na mnaobisha mje pia, nipo.